Mito ya Hedifoni za Bibi

Kila anayeuliza kuhusu hedifoni za plana hujibiwa kabla hajamaliza swali: hizo zina njaa, tafuta amplifaya kubwa kwanza, mengine baadaye. Niliambiwa hivyo na fundi wa studio aliyeniuzia zangu Dar es Salaam. Nikaambiwa tena na mwanafunzi mwenzangu anayetengeneza midundo usiku na kuandika tasnifu mchana. Kijana wa duka la simu Kariakoo naye akaongeza lake, ingawa hakuwahi kuzigusa. Wote walikuwa wakifikiria muziki. Mimi nilikuwa na dakika 47 za sauti ya mwanamke mzee akizungumza Kimakonde, na nilikuwa na bibi yangu, Ufukoni, Mtwara, aliyetakiwa kuzisikiliza na kuamua zifanyweje. Fedha iliyobaki ilitosha kununua kitu kimoja: amplifaya ya maana, au mito mipya ya masikio.

Hedifoni zenyewe ni Fostex T50RP, toleo la tatu. Studio ndogo ya nyimbo za injili ilikuwa inauza vyombo vyake, nikazichukua kwa shilingi 180,000 zikiwa na waya uliofungwa utepe na mito iliyochakaa. Watu wa sauti wanazijua. Fostex ya Japani imetengeneza hedifoni za ukoo huo tangu miaka ya 1970, zama zile zile ambazo Yamaha ilitoa HP-1 yake, mwaka 1976, iliyosanifiwa na Mario Bellini wa Italia. Kwa hiyo plana ni wazo la zamani, lina umri wa wazazi wetu.

Anayetaka kulielewa afikirie ngoma. Ndani ya hedifoni za kawaida kuna kiwambo kidogo, na koili ya waya imegandishwa mgongoni mwake. Umeme ukipita, sumaku inaivuta na kuisukuma koili, nayo inakisukuma kiwambo kuanzia pale ilipogandishwa, kama mpigaji anayepiga ngoma mahali pale pale kila mara. Kwenye plana koili hiyo haipo. Njia ya umeme imechapwa juu ya kiwambo chenyewe, utando mwembamba sana uliowambwa bapa mbele ya sumaku, kwa hiyo uso wote unakwenda mbele na nyuma kwa pamoja. Ukiwa umewahi kuona ngozi ya ngoma ikipashwa moto kabla ya sindimba, unajua tayari kwamba kila kitu kinategemea kilivyowambwa na hewa iliyo mbele na nyuma yake. Hiyo hewa ndiyo iliyonisumbua baadaye.

Kwanza njaa. Kila hedifoni ina namba mbili za kuangalia: ukinzani wake kwa omu, na usikivu wake, yaani sauti inayotoka ukiipa miliwati moja ya umeme. T50RP ina omu 50 na usikivu wa desibeli 92. Si nyepesi, hedifoni nyingi za simu hupita 100. Na kila unapopanda desibeli 10 unahitaji umeme mara kumi. Ukitaka vilele vya desibeli 110, sauti ya kuumiza, T50RP inadai miliwati 63 hivi, sawa na volti 1.8. Sasa chukua HE-6 ya HiFiMAN, mojawapo ya plana zenye njaa kuliko zote, usikivu wake 83.5. Kwa vilele hivyo hivyo inadai karibu miliwati 450, mara saba. Nadhani ushauri wa amplifaya kubwa ulizaliwa kwa hedifoni za namna hiyo, kisha ukavishwa plana zote.

Mimi sikuwa na muziki wa kupiga kwa desibeli 110. Mtu anayezungumza nawe mkiwa mmekaa baraza moja anakufikia kwa desibeli 60 na kitu. Kuitoa sauti hiyo, T50RP hutumia chini ya sehemu moja ya mia ya miliwati. Nilipiga hesabu mara mbili nikidhani nimepoteza sifuri mahali. Sikuwa nimepoteza.

*

Sauti ni ya dada yake Bibi. Sisi wajukuu tulimwita Bibi Mkubwa. Walizaliwa wote wawili kwenye uwanda wa Mueda, ng'ambo ya Ruvuma, na walikuwa watoto siku wanajeshi wa Kireno walipowafyatulia watu risasi pale Mueda, tarehe 16 Juni 1960. Vita vya ukombozi vilianza Septemba 1964. Mama yao aliwavusha mto na vitu vilivyotosha kubebwa kichwani. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, Bibi Mkubwa alirudi. Bibi alikuwa ameshaolewa Mtwara, akabaki. Tangu hapo udugu wao ukawa wa kuvuka mto kwa harusi na misiba.

Nilimrekodi Bibi Mkubwa Kilambo, pale barabara ya kutoka Mtwara inapokutana na Ruvuma na kivuko kinasubiri maji. Alikuwa amevuka kwa shughuli ya kifamilia, akalala siku tatu, akarudi kwake. Bibi hakwenda kumwona. Miguu ilikuwa inamsumbua na barabara ilikuwa mbaya. Walisema wataonana msimu wa korosho ukiisha. Bibi Mkubwa alifariki kabla ya hapo. Tangu Oktoba 2017, vurugu zilipoanzia Mocímboa da Praia, safari za Cabo Delgado zimekuwa za kufikiria mara mbili. Palma ilishambuliwa Machi 2021, na hata upande wetu kijiji cha Kitaya kiliguswa Oktoba 2020. Hakuna aliyekubali kumpeleka mwanamke mzee mazikoni huko. Bibi alikaa matanga yake Ufukoni.

Nilimrekodi kwa ajili ya shahada yangu ya uzamili, inayohusu toni. Kimakonde ni lugha ya toni, na irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho hurefushwa, kwa hiyo pale ndipo sauti inapopanda, inaposhuka au inapopinda, na maana ya neno inaweza kutegemea hilo. Waliotangulia wameiandika vizuri. Pieter Kraal alichambua Chinnima, lahaja ya upande wetu, katika tasnifu yake ya Leiden ya mwaka 2005. Sauti ya Bibi Mkubwa ilikuwa na yake ya kuongeza, ya mtu aliyelelewa ng'ambo na kuishi pande zote mbili.

Kwa kazi hiyo nilikuwa na ruhusa. Alipoulizwa alicheka, akasema kama ni kwa ajili ya shule sawa. Lakini hifadhi za sauti za lugha, ambako rekodi za namna hii huwekwa zisipotee, zinauliza jambo jingine: je, mtu yeyote duniani aweze kuisikiliza? Bibi Mkubwa hakuulizwa hilo, na sasa hakuna wa kumuuliza. Familia ilisema jibu liko kwa Bibi. Hapo ndipo hedifoni zilipoingia.

Mara ya kwanza nilimwekea kwa spika ya simu. Alisikiliza kama dakika mbili, ameinamisha kichwa, kisha akanirudishia.

"Mume wangu," alisema, ndivyo anavyoniita, "huyu si Dada. Huyu mtu anasema maneno ya Dada."

Mama mdogo alisema ni masikio. Ni kweli, Bibi hasikii vizuri. Lakini simu anaipokea, na watoto wake huwatambua. Ilinichukua siku kadhaa kuona kwamba Bibi alikuwa ameeleza tatizo kwa usahihi kuliko mimi ningeweza.

Masikio yakizeeka huanza kupoteza sauti za juu. Zinazoondoka kwanza ni zile za *s*, *f*, *ch*, mikwaruzo inayokuambia neno limeanza wapi na limekatika wapi. Irabu hubaki. Spika ya simu nayo inafanya kinyume: haitoi karibu chochote chini ya hezi 300, ni ndogo mno kuisukuma hewa ya huko. Mtu mwenye masikio mazima hana shida na hilo. Simu za zamani za waya zilipitisha hezi 300 hadi 3,400 tu na watu walitambuana vizuri, kwa sababu sehemu ya juu ilifidia ya chini. Bibi hana ya juu ya kufidia. Umri umemkata juu, simu imemkata chini, na katikati umebaki ukanda mwembamba wenye maneno bila mtu.

Jambo la kushangaza ni kwamba toni zilikuwa salama muda wote. Sauti ya mwanamke inatetema mara 200 hivi kwa sekunde, lakini juu ya mtetemo huo kuna vizidishe vyake: 400, 600, 800 na kuendelea. Ukiondoa ile 200, sikio linasikia nafasi kati ya vizidishe na kuijenga upya lenyewe. Ndiyo maana Bibi alifuata kila neno kwenye simu. Ndiyo maana pia mimi ningeweza kuandika toni zote za Bibi Mkubwa kwa vifaa vya bei rahisi na kupata shahada yangu. Programu ya Praat, waliyoiandika Paul Boersma na David Weenink huko Amsterdam, haihitaji hata hedifoni. Inachora mstari wa toni kwenye kioo. Kilichopotea kwenye simu ni kifua cha msemaji, ile joto ya chini inayokufanya useme ni fulani kabla hajataja jina. Utafiti wangu haukukihitaji. Bibi alikihitaji.

*

Kwa hiyo nilikaa na kalamu, nikamfanyia Bibi hesabu yake. Sauti kubwa kiasi cha kumfikia, lakini isiyomwumiza masikio yaliyobaki: Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki, na sisi tulihitaji saa moja hivi. Nikaweka wastani wa desibeli 85 na vilele vya 100. T50RP inavitoa vilele hivyo kwa miliwati 6 na kidogo, volti 0.56. Kile kijiwaya cha USB-C kinachogeuza mlango wa simu kuwa tundu la hedifoni, nilichokuwa nacho begini tangu mwaka wa kwanza, kinatoa volti 1. Amplifaya niliyoambiwa nikope fedha kuinunua ilikuwa kwenye mfuko wa kalamu.

Kuna sababu nyingine inayofanya uchaguzi wa amplifaya uwe mwepesi kwa plana. Hedifoni za kawaida ukinzani wake hubadilika. Hupanda sana mahali fulani kwenye besi, na amplifaya yenye ukinzani mkubwa kwenye tundu lake hupindisha sauti hapo. Plana ukinzani wake umelala karibu sawasawa kuanzia chini hadi juu. Amplifaya mbili zenye nguvu ya kutosha na zisizo na kasoro zitatoa sauti ile ile. Anayesikia tofauti kubwa aangalie kwanza kama amezisawazisha kwa kiwango kimoja, maana iliyo kubwa kidogo huonekana nzuri zaidi, hata kama ni ile ile.

Nilichokitafuta kwenye amplifaya ni ukimya. Kompyuta yangu ikiwa kwenye chaji, mngurumo wa umeme unaingia masikioni, mnene, wa hezi 50 na jamaa zake. Nyumba nyingi za mtaani kwetu soketi hazina waya wa ardhi unaofika ardhini. Ukichomoa chaji, mngurumo unakatika. Simu kwenye betri pamoja na kijiwaya chake haina mngurumo wowote, na umeme ukikatika saa mbili usiku kazi inaendelea. Na hedifoni zisizo nyepesi zina wema wao: mchemko mdogo wa vifaa, ambao hedifoni za usikivu mkubwa zingeutangaza, T50RP haziuitikii. Njaa yake ilikuwa faida yetu.

Suala la amplifaya likafungwa bila kutumia shilingi. Fedha yote ikaenda kwenye mito.

*

Mito iliyokuja na hedifoni ilikuwa ya ngozi bandia. Anayeishi pwani anajua mwisho wa ngozi bandia. Kila sebule ina kochi lililoanza kubanduka magamba mwaka wa tatu. Uso wake ni plastiki ya poliuretani, na mvuke wa hewa unaikata vifungo vyake polepole, kwa ndani, hata kama hukukalia. Bara kochi lile lile linaweza kukaa miaka mingi zaidi. Hapa jasho na hewa ya bahari vinalimaliza. Mito yangu iliacha magamba meusi kwenye shavu kila nilipovua, na pale yalipobanduka palikuwa na nyufa.

Nyufa hizo ndizo zenye madhara. Plana hutoa besi ikiwa hewa kati ya kiwambo na sikio imefungwa. Ikipata upenyo, kiwambo kinasukuma hewa, nayo inatoka pembeni badala ya kwenda sikioni, na sauti za chini ndizo zinazotoroka kwanza, kwa sababu zinahitaji hewa nyingi. Upenyo wa unene wa mkono wa miwani unatosha kuondoa sehemu kubwa ya besi. Nywele za kusuka zinatosha. Na Bibi hatoki chumbani bila kilemba.

Sijawahi kuona ushauri wa hedifoni unaouliza kuhusu kilemba. Wanauliza omu. Lakini fikiria ni watu wangapi wanaosikiliza kupitia mtandio, ushungi, kofia, rasta, na kila mmoja anaambiwa tatizo lake ni amplifaya.

Nilijaribu kwanza mito ya mahameli niliyoazimwa. Ni laini na haipashi joto, kwa Mtwara ya Desemba ni neema. Lakini kitambaa kinapumua, na kinachopumua kinavujisha. Kifua cha sauti kilibaki nusu, na ukali wa juu ukapungua kidogo kwa kunywewa na nyuzi. Kwa Bibi, ambaye hana cha juu cha kupunguza, hiyo ilikuwa kumnyang'anya mara ya pili. Nikajaribu mito minene ya ngozi bandia kutoka dukani. Ilifunga vizuri mtu akiwa kichwa wazi, lakini migumu. Juu ya kilemba ilikaa kama kifuniko juu ya sufuria lenye mwiko ndani. Tena nilijua ina miaka miwili.

Mama mdogo ndiye aliyesema, "Si umpelekee fundi makochi?"

Fundi makochi ana kibanda Rahaleo, na sponji zake zinafika barabarani. Alizigeuza hedifoni mikononi, akabonyeza mto kwa kidole gumba, akaniuliza, "Kijana, hii inakaliwa na nani?"

Nikamwambia inakaliwa na sikio la bibi yangu, lenye kilemba.

Akacheka, lakini alielewa haraka kuliko yeyote. Alisema sponji ya godoro haifai, inaruka, ukiibonyeza inakusukuma. Alitaka ile inayorudi polepole, inayoshika umbo la kilichoikalia, akaipata kwenye kiti cha zamani. Ngozi ya mbuzi, ile ya ngoma, aliikataa pia: haijalainishwa, itakuwa kama ubao. Akaniambia niende mitumba nikatafute koti la ngozi.

Makoti ya ngozi Mtwara ni bei ya kutupa. Nani atavaa koti la ngozi hapa? Nilipata la kike, la kahawia, ngozi halisi ya kondoo, kwa shilingi 15,000. Muuzaji aliniangalia kwa huruma. Fundi alikata mgongo wake, akashona mito miwili, minene nyuma na chini kuliko mbele, kwa sababu nyuma ya sikio na chini ya taya ndipo upenyo hutokea. Nilimwomba asiifanye minene kupita kiasi. Mto ukiongezeka unene, sikio linakwenda mbali na kiwambo na chumba cha hewa kinakua, na sauti inabadilika: katikati hurudi nyuma, msemaji anasikika kama amehamia chumba cha pili. Tulifanya majaribio mara tatu. Kila mara nilipiga milio miwili, ya hezi 60 na ya hezi 200, nikavaa na kilemba cha mama mdogo kichwani, pale pale kibandani, huku wateja wakipita. Mara ya tatu mlio wa 60 ulibaki ulipo hata nilipogeuza shingo.

Ngozi halisi nayo ina adui yake, ukungu. Fundi alinionya nisiifungie kwenye mfuko wa plastiki na niianike kivulini kila baada ya kutumia. Kazi yote, na sponji, ilikuwa shilingi 40,000. Kwa koti, 55,000. Nilibakiwa na fedha.

*

Tulikaa ukumbini alasiri, Bibi kwenye mkeka ameegemea ukuta, mama mdogo pembeni yake. Nilimwomba asogeze kilemba kidogo juu ya masikio. Akaniuliza kama mashine nayo inataka kumposa. Alisogeza, nusu. Nilimvalisha, nikabonyeza mito kidogo ishike, nikaanza na sauti ndogo.

Rekodi inaanza na Bibi Mkubwa akinisalimia na kuuliza habari za nyumbani. Bibi aliitikia. Aliitikia kwa Kimakonde, kwa sauti, kama anavyoitikia mtu aliyebisha hodi, akaeleza kwamba nyumbani hawajambo ila miguu. Kisha akanyamaza, akaiweka mikono yake juu ya mito na kuishikilia.

Alisikiliza dakika 30 hivyo. Mara mbili alicheka. Mara moja alimwambia dada yake kwamba si kweli, mbuzi walikuwa watatu.

Baada ya dakika ya 31 aliinua mkono. Alivua upande mmoja.

"Hiyo ngoma ya nyuma, umeisikia?"

Ipo. Mbali, nyuma ya Bibi Mkubwa, kuna wanawake wanaimba katika uwanja mwingine, na chini yao mdundo mnene. Kwenye spika ya simu mdundo huo haupo kabisa. Kwenye maelezo ya rekodi niliandika "midundo na nyimbo za mbali".

"Naisikia, Bibi. Maneno siyashiki."

"Vizuri," alisema. "Usiyashike."

Ilikuwa ni ya unyago. Sikuhitaji kuambiwa zaidi, na sikuambiwa zaidi. Sisi wanaume tuna jando letu na hakuna mwanamke anayekuja kuuliza yaliyoimbwa huko. Bibi aliutambua wimbo kwa ngoma yake kabla ya maneno, kupitia kilemba na ngozi ya kondoo, kwa masikio ambayo kila mtu nyumbani anasema hayasikii. Dada yake alikuwa ameketi mbele ya kinasa sauti changu na nyuma yake kukawa na kitu ambacho si cha kwangu, wala si cha kuwekwa mahali ambapo mtu yeyote duniani anaweza kubonyeza na kusikiliza.

Nilimwonyesha mama mdogo jinsi ya kusimamisha na kuendelea, nikatoka nje. Nilikaa kwenye gogo chini ya mwembe zaidi ya nusu saa. Waliirudia ile sehemu mara kadhaa. Niliwasikia wakibishana kwa sauti ya chini kuhusu ulipoanzia na ulipoishia. Mama mdogo alipokuja alikuwa ameandika nyakati mbili kiganjani kwa kalamu.

Jibu la Bibi lilikuwa na sehemu tatu, na alilitoa kama mtu anayegawa mirathi. Mazungumzo ya dada yake yakae popote, watu wasikie, yeye hakuwa mtu wa kufichwa. Habari ya kuvuka mto isikatwe hata neno, pamoja na ile ya mbuzi, ingawa hesabu si sahihi. Na ile sehemu ya ngoma itoke, yote, hata kama dada yake anaongea juu yake.

Nilimwambia kwamba katika sehemu hiyo Bibi Mkubwa anasema jambo zuri kuhusu mama yao. Nilitaka alijue hilo kabla sijakata.

"Nimelisikia," alisema. "Ndiyo maana sitaki liende na ile."

Kitaalamu ipo njia ya kupunguza sauti za nyuma na kubakiza msemaji, na nilimweleza. Alitaka kujua kama ngoma itatoka yote. Sikuweza kuapa. Basi, alisema, kata.

Nilikata dakika 4 na sekunde 10. Kwenye tasnifu kuna tanbihi inayosema sehemu hiyo imeondolewa kwa uamuzi wa familia, na mifano saba ya toni iliyokuwa humo nimeitafuta kwingine, mitano nimeipata. Msimamizi wangu aliuliza kama nimebakiza nakala kwa ajili ya uchambuzi. Nilimjibu kwamba nakala ipo, ila haiko kwangu.

Iko kwenye kadi ndogo ya simu, aliyoichukua mama mdogo mbele yangu baada ya mimi kufuta kwenye kompyuta na kwenye kinasa sauti. Bibi ameifunga kwenye pindo la kanga, pale anapoweka fedha. Hedifoni ziko kwenye msumari ukutani, mito ikitazama dirisha ili ipate hewa, na kijiwaya kiko nazo. Siku za Ijumaa, mama mdogo ananiambia, hufunga mlango wa ukumbi kwa muda mfupi, na wajukuu wa kiume hutumwa dukani.